Nilivyoandika 4 badala ya 2 kwenye ramani ya uwanja mdogo wa ndege Kigali, na nyumba ya fundi cherehani ikabomolewa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwenye jukwaa hili la ujenzi mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Wiki iliyopita mdau mmoja aliuliza viwanja vya ndege hupangwaje madaraja, na majibu mengi yalikuwa ya kubahatisha. Nikaanza kumjibu. Baada ya aya mbili nikaona siandiki tena jibu lake, naandika jambo ambalo nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini. Nimeona nilifungulie uzi.

Ninayoyaeleza yalinipata mwenyewe. Vipimo vimo kwenye daftari langu la wakati ule, bado ninalo. Maneno ya watu nayaandika kadiri ninavyoyakumbuka. Majina nimeyabadilisha, na kilima chenyewe sitakitaja. Nisipokuwa na uhakika nitasema.

Si uzi mfupi, mnivumilie.

Niliingia Kigali mwaka 1990 nikitokea Ngara. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mkono mzuri wa kuchora, basi. Mjomba wangu, dereva wa malori, alinitafutia kazi kwenye ofisi ndogo ya wahandisi pale Muhima, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Wahandisi walileta michoro ya penseli, mimi naitia wino kwenye tracing, ile karatasi inayopitisha mwanga.

Mwenye ofisi nitamwita Bwana Anastazi. Alikuwa mhandisi wa barabara, mtu mpole, aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza mpaka chuo kikuu. Sote tulimwita patroni, yaani bosi.

Mwaka uliofuata ofisi ikapata kazi ambayo haikuizoea. Kundi la wafanyabiashara lilitaka uwanja mdogo wa ndege juu ya kilima kimoja nje kidogo ya mji, kwa ndege za abiria wachache na mizigo myepesi. Vita vya kaskazini vilikuwa vimeanza, barabara hazitabiriki, na wao walitaka njia yao wenyewe ya kutoka.

Hakuna mtu pale ofisini aliyewahi kuchora uwanja wa ndege. Kilichokuwepo ni kitabu kimoja cha kanuni za kimataifa za viwanja vya ndege, nakala ya Kiingereza. Patroni alikuwa anakisoma kwa tabu, sentensi moja dakika tano, huku akiuliza, "Hii iko na maana gani?"

Mimi Kiingereza nilikuwa nacho cha shule. Nikaomba kitabu niende nacho nyumbani.

Wakuu, wale mliojifunza wenyewe mtanielewa. Nilikisoma miezi miwili. Nilinunua daftari la kurasa mia mbili nikawa naandika upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili changu. Nilichora majedwali yote kwa mkono. Mwishowe patroni akawa ananitambulisha kwa wageni, "Huyu Mtanzania ndiye mtu wetu wa ndege." Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Sentensi ile ilinipanda kichwani kuliko pombe.

Sasa niwaeleze kitu chenyewe, maana bila hapo hamtaona kosa liko wapi.

Uwanja hupewa namba na herufi. Namba ni 1 mpaka 4, na inatokana na urefu wa runway, njia ya kurukia na kutua, ambao ndege inauhitaji. Chini ya mita 800 ni 1. Kuanzia 800 hadi chini ya 1,200 ni 2. Kuanzia 1,200 hadi chini ya 1,800 ni 3. Kuanzia 1,800 kwenda juu ni 4. Herufi inatokana na upana wa mabawa, ncha hadi ncha, pamoja na umbali kati ya magurudumu makuu ya nje. Ukishapata namba na herufi, unaingia kwenye majedwali na vipimo vyote vinatoka: runway iwe pana kiasi gani, taxiway, yaani njia ya kuifikia runway, kiasi gani, na ukanda wa usalama pembeni ya runway uachwe wazi kiasi gani.

Ndege waliyoitaka wafanyabiashara ilihitaji mita 1,050. Lakini huo ni urefu wa usawa wa bahari, hewa ya kawaida, ardhi tambarare. Kilima chetu kilikuwa mita 1,400 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, ndege inakimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Unaongeza asilimia saba kwa kila mita 300 za mwinuko. Unaongeza kwa ajili ya joto. Unaongeza kwa ajili ya mteremko. Nilifanya hesabu zote hizo, nikapata mita 1,820.

Hesabu ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi tangu hapo, na ni sahihi.

Patroni akaniuliza, "Basi daraja ni namba ngapi?"

Nikatazama 1,820, nikatazama jedwali. "Nne, patroni."

Herufi ilikuwa B. Nikaingia kwenye jedwali la upana wa runway kutafuta 4 na B zinapokutana. Pale pana kistari tu. Hakuna kipimo.

Kistari kile kilikuwa kinaniambia kitu. Maana yake ni kwamba mchanganyiko huo hautarajiwi, rudi ukaangalie. Mimi nikadhani ni upungufu wa kitabu. Nikasogea safu moja kulia, kwenye C, nikachukua mita 45. Taxiway nayo nikaipa 15 badala ya 10.5. Ukanda wa usalama, mita 75 kila upande kutoka mstari wa kati.

Nikatia wino. Patroni akasaini.

Tukaenda kupiga vigingi. Kazi ya siku nne, vigingi vya mti vilivyopakwa rangi nyeupe, kila baada ya mita hamsini, pande zote mbili na kwenye mstari wa kati. Upande wa kusini, ndani ya mita 75, palikuwa na nyumba moja tu. Matofali ya kuchoma, mabati mapya, kahawa kidogo mbele, migomba nyuma. Kigingi kimoja kilisimama nyuma ya jiko.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Hamimu, fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waislamu kule Nyamirambo. Babu yake mzaa baba alikuja na biashara kutoka pwani, bibi alikuwa wa hapohapo. Alishona suti mjini miaka thelathini, na nyumba ile aliijenga chumba kwa chumba ili yeye na mkewe, Mama Zaituni, wamalizie uzee wao nje ya kelele. Walikuwa hawajamaliza hata mwaka tangu wahamie.

Mzee alitoka nje akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola.

"Enjenyeri," akaniambia, "hii miti nyeupe mumepanda kwa migomba yangu, itaota lini?"

Mama Zaituni akacheka ndani. Mimi pia nikacheka. Sikumwambia kwamba si mhandisi.

Tukapewa chai. Nikamweleza kwamba nyumba iko ndani ya ukanda wa usalama, na barua itakuja kutoka kwa wenye mradi. Alisikiliza vizuri. Halafu akauliza kwa upole kabisa, "Hakuna namna ile mstari isogee kidogo?"

Nikamjibu hivi, neno kwa neno nalikumbuka: "Mzee, hizi ni kanuni za dunia nzima. Hata Paris ni hivyohivyo."

"Aa," akasema. "Basi mimi na Paris tumepatikana."

Barua ilikuja. Walipewa majuma sita. Habari ya fidia sitaizungumzia, haikupita kwangu.

Baada ya majuma kama matatu nilirudi kukagua vigingi, maana ng'ombe walikuwa wanaviangusha. Mzee Hamimu alikuwa ananingojea na tepu yake ya kushonea shingoni, ile ya mita moja na nusu.

"Nimepima," akasema.

"Umepima nini, mzee?"

"Toka kwa ule mstari wenu wa katikati mpaka ukuta yangu ya mbele. Mama ameshika huku, mimi nashika huku. Mara arobaini na moja, na kipande."

Hiyo ni mita 62. Nilipima kwa mnyororo wa chuma wa wapima baadaye, tukatofautiana chini ya upana wa kiganja.

"Ni kweli," nikamwambia, "lakini inatakiwa sabini na tano."

"Nani anataka? Ndege?"

"Ndege, mzee."

"Ndege gani? Umeiona?" Akanikazia macho. "Sikia, mwana wangu. Mtu akikuja kwangu kwa suti, mimi napima mtu. Siangalii kitambaa iko refu namna gani. Wewe umepima ndege, ama umepima kilima?"

"Muache mtoto wa watu," Mama Zaituni akamwambia. "Anafanya kazi yake."

"Simkatazi kazi. Nauliza tu."

Nikatoa jibu la kitaalamu, sikumbuki hata lilikuwa nini. Lakini njia nzima ya kurudi mjini swali lile lilikuwa linanikwaruza. Nilikuwa nimepima kilima. Mita 1,820 zilikuwa za kilima.

Kesho yake mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilifungua kitabu mwanzoni kabisa, kwenye maana za maneno. Kurasa zile nilizipita haraka mara ya kwanza kwa sababu nilidhani ni za wanaoanza.

Imeandikwa wazi. Urefu unaotumika kupata namba ya daraja ni ule ndege inaouhitaji kwenye usawa wa bahari, hewa ya kawaida, ardhi isiyo na mteremko. Yaani 1,050. Zile asilimia za mwinuko na joto ni za kujua utajenga runway ndefu kiasi gani. Hazibadilishi daraja.

Namba sahihi ilikuwa 2.

Namba 2 na herufi B: runway mita 23. Taxiway 10.5. Ukanda wa usalama kwa uwanja wa kuruka kwa macho kama ule, ambao rubani hutua kwa kuona bila kuongozwa na mitambo, mita 40 kila upande.

Nyumba ilikuwa mita 62. Ilikuwa nje kwa mita 22. Nikaangalia na kanuni ya vizuizi vya pembeni, ule mstari unaopanda kutoka ukingo wa ukanda, ambao jengo halitakiwi kuuvuka. Nyumba ilijengwa mteremkoni, paa lilikuwa chini ya mstari kwa zaidi ya mita. Nikakagua mara tatu. Haikuhitajika kuguswa.

Na kosa hili, wakuu, mtu wa Dar au Mombasa asingelifanya hata kwa bahati mbaya. Ukiwa pwani, urefu wa ndege na urefu wa ardhi karibu unalingana. Ni sisi tuliokaa juu milimani ambao namba mbili hizi zinaachana, na ni mtu aliyeanzia kwenye majedwali akaruka maelezo ndiye atakayezichanganya.

Yalikuwa yamebaki majuma matatu.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, na hilo nimejisamehe. La pili siwezi.

Nilikwenda mpaka mlango wa patroni. Alikuwa anakunja mikono ya shati, akaniangalia juu ya miwani.

"Kuna shida?"

"Hapana, patroni. Nilitaka kujua kama wino mweusi umeletwa."

"Umeletwa. Uko kwa kabati."

"Asante."

Nikaenda kwenye kabati, nikachukua chupa ya wino ambayo sikuihitaji.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza kwa utaratibu, kama mtu anayekagua hesabu. Ramani ilikuwa imeshakwenda kwa wenye mradi na saini ya patroni. Juma lile alikuwa ameniambia atanipa kazi ya kudumu. Sikuwa na diploma, na niliamini nikikiri kosa moja watasema, si mnaona, ndiyo matokeo ya mtu wa kujisomea. Nikajipa na kisingizio: ukanda mpana ni salama zaidi kuliko mwembamba, hakuna atakayekufa kwa upana.

Niliandika barua kwa patroni mara mbili. Zote nilizichana.

Nyumba ilibomolewa siku ya Jumanne. Niliambiwa, sikwenda. Mzee Hamimu aliteremsha mabati yake mwenyewe siku moja kabla, akayafunga kwa kamba, akayapeleka Biryogo. Mapema mwaka uliofuata nilipita pale na wapima. Sakafu ya saruji ilikuwa bado ipo, na migomba ilikuwa imekatwa.

Runway haikujengwa.

Trekta lilichimba upande mmoja miezi michache, halafu mapigano yakasogea, wenye mradi wakaanza kuhamisha watu wao, na siku moja tukaambiwa kazi imesimama. Vigingi vilitumika kama kuni. Mwaka 1993 kilima kizima kilikuwa majani.

Ndipo nikasema. Kusema wakati huo kulikuwa rahisi, na hilo pia linaniuma. Nilimpelekea patroni daftari, nikamwonyesha ukurasa wa maana za maneno, nikamwonyesha 1,050 na 1,820.

Alisoma polepole, sentensi moja dakika tano, kama kawaida yake. Akachukua penseli, akakata ile 4, akaandika 2 pembeni.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu, patroni."

"Umejua lini?"

Nikamwambia.

Hakunigombeza. Alivua miwani akaiweka juu ya daftari. "Ungeniambia siku hiyo," akasema, "ningewapigia simu mchana uleule. Tungechora upya kwa siku moja. Nao wangefurahi, lami ingepungua nusu."

Nikasema nilihofia kwa kuwa sina diploma.

"Nilijua huna diploma. Mimi ndiye nilikuajiri."

Siku ya pili nilikwenda Biryogo. Mzee Hamimu alikuwa kwenye baraza ya duka la mtu, cherehani mbele yake, anapiga pindo la kanzu. Wao wawili walikuwa wamepanga chumba kimoja nyuma ya duka hilohilo. Alinikaribisha kwa jina la enjenyeri. Safari hii nikamsahihisha. Nikamwambia mimi ni mchora ramani tu, nikamweleza yote, kuanzia kistari cha kwenye jedwali mpaka chupa ya wino.

Aliendelea kushona mpaka nilipomaliza. Akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo ilikuwa nje."

"Ilikuwa nje, mzee. Kwa mita ishirini na mbili."

Akanyoosha kanzu juu ya mapaja, akaitazama. Kisha akaangalia mlango wa nyuma, akashusha sauti.

"Sikiliza. Mama Zaituni asisikie hii."

"Mzee, mimi nimekuja kuomba radhi kwenu wote wawili."

"Ya mimi umeomba, nimesikia. Yeye umuache. Siku ile ya kubomoa alilia mpaka mimi nikamwambia, hizi ndege ziko za wagonjwa. Wanawake wakishindwa kuzaa kule mlimani, ndege inawaleta hospitali. Ni uongo yangu hiyo, wewe humo. Lakini ndiyo alinyamaza nayo. Mpaka leo akikumbuka nyumba anasema, basi, labda iko mtoto amepona."

Mama Zaituni akatoka na vikombe. Alinitambua mara moja, akafurahi kweli, akaniuliza habari za nyumbani Ngara. Akanipa chai. Halafu akauliza, "Na ndege? Zimeanza kuruka?"

Mzee Hamimu aliinama kwenye cherehani akawa anatafuta tundu la sindano.

"Bado, mama," nikasema. "Karibu zitaanza."

"Alhamdulillahi," akasema.

Niliondoka Kigali mwisho wa mwaka huo, mjomba alipohamishiwa Mwanza. Yaliyofuata mwaka 1994 mnayajua, na sina haki ya kuyasimulia, sikuwepo. Nimerudi mara mbili baadaye. Duka lile lina watu wengine. Nimeulizia Hamimu fundi, nimeulizia Zaituni. Mmoja alisema walikwenda upande wa Kongo, mwingine alisema hapana. Sijui. Sijui kama wangebaki kule kilimani ingekuwa nafuu kwao au mbaya zaidi, na hakuna jedwali la kunijibu.

Nimeendelea na kazi ya kuchora mpaka leo, na nimefundisha vijana kadhaa. Nilichojifunza ni hiki. Kwa upande wa ufundi: anzeni na maana za maneno, na mkikuta kistari kwenye jedwali msiruke, simameni mjiulize mmefikaje pale. Upande wa pili ni mgumu zaidi. Kosa likiwa bado kwenye karatasi ni lako, unaweza kulifuta. Mimi nilikuwa na majuma matatu na kifutio mkononi, nikaenda kuchukua wino.

Wahandisi, wapima, wachoraji mliomo humu, karibuni mnisahihishe vipimo kama kuna mahali nimekosea. Toleo nililosoma ni la zamani. Na kama kuna mtu wa Biryogo wa miaka ile anayejua habari za fundi Hamimu na mkewe, hata kama jina nimebadilisha atawatambua kwa haya niliyoeleza, naomba aniandikie.

Swali langu kwenu ni moja. Ingekuwa wewe pale barazani, na yule mama anakuuliza kama ndege zimeanza kuruka, ungemjibu nini?